Nilivyoibipu Setilaiti

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Miaka hamsini na mmoja leo tangu serikali ituondoe Lubugwe, kijiji chetu cha ziwani. Asubuhi boti, mchana Ujiji, kisha malori, na kabla ya giza tukawa wakazi wa Kidahwe, kijiji kilichopangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara ya Kasulu. Watu wa ziwani tukaanza kuishi mahali ambapo maji yako kwenye ndoo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na vitabu viwili. Sasa ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nina nyumba Buzebazeba, mke, vitabu vingi kuliko rafu, na tangu leo asubuhi nina mashua ya tanga.

Ndiyo, mashua! Catherine, mtafiti wa samaki niliyemfundisha Kiswahili, amerudi kwao na kuniachia. Inaitwa Tulia. Imefungwa pale Katonga. Ina mlingoti, matanga mawili, mkuku wa chuma chini ya tumbo, na sanduku zima la vyombo vya kisasa: GPS yenye ramani ya ziwa, redio mbili za mkononi, kifaa cha kuonyesha meli zilizo jirani, na kitu cha njano, kidogo kama sabuni, ambacho ukikifungua kinaita msaada moja kwa moja kutoka angani.

Mpango ni huu. Nitampeleka dada Melania Lubugwe kwa maji. Jioni ile ya kwanza Kidahwe aliketi juu ya mikeka iliyokunjwa akakataa kula, nami nikamwambia usilie, nitakurudisha. Desemba anatimiza sabini na sita. Nimechelewa kidogo, lakini sasa nina setilaiti.

Winfrida, mke wangu, ameuliza kama mashua ina injini. Haina. Ameuliza kama bado najua kuogelea. Swali la ajabu. Mwaka 1974 nilikuwa naogelea vizuri sana.

Jambo moja muhimu: Hamdani asijue.

Jumanne, 2 Septemba

Hamdani anajua.

Nieleze. Hamdani ni mwenzangu wa Lubugwe, tumezaliwa msimu mmoja, tumeondolewa wiki moja. Siku hizi ana maduka ya vifaa vya ujenzi kule Kasingirima, ni mjane, ana boti ya mbao yenye injini, na amejinunulia kofia yenye nanga ya dhahabu mbele ili watu wamwite Kapteni. Wengine wanamwita. Mimi siwezi.

Nimerudi kutoka kununua betri nikamkuta barazani kwangu, yeye na dada, wanamenya maharage. Tajiri mzima na bakuli mapajani! Kasema amekuja kunijulia hali. Kila anapokuja kunijulia hali mimi huwa nimetoka. Ana bahati mbaya hiyo kwa miaka mingi sasa, tangu dada afiwe na mumewe na kuja kukaa kwetu.

Kumbe dada ndiye aliyemwambia. Na kumbe naye ana GPS, kubwa kuliko yangu, ya rangi, inayosema. Akaiwasha hapo hapo. Ikasema kwa sauti ya mwanamke kwamba tuko Ujiji. Nikamwambia hilo hata mbuzi wanalijua.

Tukafika kwenye suala la Jiwe la Kobe. Hili ni jiwe tulilokuwa tukirukia majini utotoni, na liko mita chache tu chini ya nyumba zetu. Mimi nasema lilikuwa kaskazini ya kijito. Hamdani anasema kusini. Anakosea tangu 1974. Zamani lilikuwa suala la heshima tu. Sasa ni suala la usalama, kwa sababu mkuku wa Tulia uko chini sana na jiwe lile likiugusa tutarudi Ujiji tukiwa tumekumbatia mbao. Lazima niliweke kwenye ramani mahali pake.

“Yewe Eliakimu,” kasema, “liweke kusini uwe salama.”

Nikamtaka dada aamue. Dada kasema maharage yanahitaji maji, akaingia ndani.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya vyombo. Maendeleo makubwa, isipokuwa mambo madogo.

Kwanza, kifaa cha meli jirani. Kinaonyesha kila chombo kilicho na kifaa kama hicho. Nimekiwasha pale Katonga kikaonyesha chombo kimoja. Nimekichunguza sana. Ni mimi.

Pili, ramani. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii na ramani haijaarifiwa. Nimeketi ndani ya Tulia, maji pande zote, GPS ikaniambia niko nchi kavu, katikati ya uchochoro. Wavuvi wamejaa ufukweni bila kazi kwa sababu mwezi unakaribia kujaa na dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi. Kwa hiyo nina watazamaji. Mmoja, anaitwa Castory, mtu wa mdomo, kanipigia kelele: “Mwalimu! Hapo ulipoegesha kuna bajaji inataka kupita!” Wakacheka mpaka wakakaa chini. Watu wote waliovumbua kitu walichekwa.

Tatu, redio. Moja ninayo, ya pili nimempa Winfrida jikoni. Nimemfundisha kwamba ukimaliza kusema unasema “ova.” Hataki. Amenijibu, “Baba Esther, nikinyamaza si utajua nimemaliza?” Jaribio la kwanza kutoka Katonga: nilimwita kwa jina la chombo, kwa utaratibu kamili, mara tatu kama kanuni inavyotaka. Akajibu nipitie mkaa na mawese.

Nne, kile cha njano. Catherine alikiandikisha kwa jina langu kabla hajaondoka. Kituo cha uokoaji kilihitaji namba za watu wawili wa kupigiwa iwapo nitapatwa na hatari. Wa kwanza nilimtaja Winfrida. Wa pili alinitatiza. Simu sikuwa nayo mkononi, na namba pekee niliyoikumbuka kichwani ni ya Hamdani, kwa kuwa humpigia mara kwa mara kumsahihisha. Basi nikamtaja. Hakuna ubaya. Kifaa chenyewe sitakitumia kamwe.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimegundua matumizi mabaya ya masafa!

Mchana nimewasha redio nikae kwenye chaneli ya dharura kama ipasavyo kwa baharia. Chaneli imejaa. Dada Melania, kwa redio ya jikoni, anaongea na Hamdani, ambaye naye amenunua redio kama yangu, aina ile ile. Wameongea juu ya maharage. Wameongea juu ya magoti ya dada. Kisha wakawataja watu wa Lubugwe, nyumba kwa nyumba, nani yuko, nani hayupo, na kila walipomtaja asiyekuwepo redio ilivuma tu. Sauti ya dada ilikuwa laini. Wakati wa kuniitia chakula huwa si laini.

Nikawakatiza. Nikawasomea kanuni: chaneli hii ni ya watu wanaozama. Hamdani kaomba radhi na kumaliza na “ova.” Lazima niseme ukweli, “ova” yake ni nzuri.

Jambo liko wazi. Anamchimba dada habari za Jiwe la Kobe ili afike Lubugwe kabla yangu. Nilimwonya dada. Alicheka hadi akakohoa.

Alasiri Hamdani kapita akitoka msikitini. Nikamsubiri getini, nikamwambia wazi: Melania ni dada yangu, na wa kumpeleka kwao kwa maji ni mimi. Mwanamke wa Lubugwe hapandi chombo cha mtu mwingine mpaka kaka yake aseme. Ndivyo wazee wetu walivyofanya na ndivyo itakavyokuwa. Nilitegemea abishe.

“Ndiyo,” kasema taratibu, “ndiyo maana nimengoja.”

Unyenyekevu wa namna hii ni hila. Kesho ninatoka majini.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika kwa hasira, si kwa hofu.

Nilitoka Katonga asubuhi kwa majaribio. Peke yangu. Wavuvi walikuwepo wote, mbalamwezi imewaachia siku nyingine ya kunikodolea macho. Castory alinitakia safari njema na akauliza kama anikatie tiketi ya kurudi.

Sasa, mwezi huu upepo unatoka kusini, na Lubugwe iko kusini. Chombo cha tanga hakiendi usoni mwa upepo. Unakwenda mshazari kulia, unageuza, unakwenda mshazari kushoto, na kila ukigeuza umesogea mbele. Ndivyo kitabu kinavyosema, na mimi nakiamini kitabu. Nikaenda kulia, nikageuza. Nikaenda kushoto, nikageuza. Tanga limejaa, maji yanapiga mbavuni, jua, vilima vya Bangwe vinang'aa. Nilijisikia kijana! Niliimba. Nilipochoka kuimba nikatazama nchi kavu kuona nimefika wapi, nikaona nyumba yenye bati la bluu. Ilikuwa nzuri. Nikageuza, nikageuza tena, nikatazama. Nyumba nyingine yenye bati la bluu. Safari ya tatu nikamtambua mama mwenye nyumba. Alikuwa ameanza kunipungia mkono.

Nikatia nanga ninywe chai na kufikiri. Nikafikiri juu ya dada na magoti yake ndani ya chombo hiki. Nikaona ni lazima nijue kama kile cha njano kinafanya kazi kabla ya kumpakia. Mtu mwenye busara hujaribu kamba kabla ya kushuka kisimani.

Lakini nilijaribu kwa akili. Sikukifungua kama mtu anayezama. Nilifanya kama anavyofanya kila mwenye simu katika nchi hii: nilibipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Mwenzako anaona upo, anajua unafikika, hakuna usumbufu. Nikanyanyua kijiti chake, nikabonyeza, taa ikawaka, nikavuta pumzi moja, nikazima. Bipu safi kabisa. Nikamimina chai.

Kikombe cha pili kilikuwa bado cha moto nilipoona boti.

Boti ya Hamdani, mbio zote, pua juu, maji yanaruka pande mbili. Nyuma yake boti za Katonga. Zote! Wavuvi wote walioshinda hawana kazi walipata kazi. Wengine walisimama mbele wakiwa na kamba, wengine na maboya, na mmoja, sijui kwa nini, na godoro.

Hamdani alikuwa ameshikilia usukani, kanzu imelowa hadi kifuani, kichwa wazi. Mara ya mwisho kumwona bila kofia ilikuwa kwenye msiba wa mkewe.

“Yewe Eliakimu! Uko hai?”

Nikamwuliza naonekanaje. Nikamkaribisha chai.

Alizima injini, akakaa kwenye ubao, akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakimtikisika. Moshi wa injini, nadhani. Ile injini inahitaji fundi.

Ndipo Castory akauliza, mbele ya watu wote, kama ninazama kwa awamu. Nikavutwa kwa kamba hadi ufukweni kama ng'ombe.

Jumapili, 7 Septemba

Picha kamili ya jana, kama nilivyoipata kwa Winfrida, ambaye hajaketi nami tangu wakati huo, anasimulia akiwa amesimama.

Jana, wakati nakunywa chai yangu, simu yake iliita. Namba ndefu, ngeni, yenye alama ya kujumlisha mbele. Mwanamke mwenye Kiswahili cha kitabuni akauliza kama yeye ni mke wa Eliakimu. Akasema mume wako yupo katika hatari majini.

Winfrida hupokea simu za namna hii karibu kila wiki. Mtoto wako amevunjika mguu shuleni, tuma kwa namba hii. Wewe ni mshindi, tuma kwa namba hii. Kwa hiyo alijua la kufanya. Alimwambia yule mwanamke kwamba hana haya, kwamba mumewe yuko Katonga anacheza na kimashua chake, kwamba wakati yeye anazaliwa Winfrida alikuwa ameshatapeliwa na watu wenye akili kuliko yeye, na kwamba amtafute mama yake mzazi amtumie kwa namba hiyo. Akakata. Mwanamke akapiga tena. Winfrida akampa redio ya jikoni dada Melania ashike, ili apate mikono yote miwili ya kumkaripia.

Basi wakampigia wa pili. Hamdani alikuwa anapima nondo dukani. Alisikia jina langu na neno hatari, akaacha nondo, mteja, na kofia.

Dada alikuwa ameshika redio muda wote huo. Aliniita. Mimi redio nilikuwa nimeizima, nisimalize betri.

Nimeeleza kwamba nilibipu tu. Nimeeleza mara kadhaa. Winfrida kasema aliyebipiwa hawezi kujua amebipiwa na mtu mwenye shida au asiye na akili. Kisha akasema “ova.” Mara ya kwanza kuitumia.

Kanisani padri ameshukuru kwa ajili ya ndugu yetu aliyeokolewa kwenye maji mengi. Upande wa wanaume kuna aliyekohoa. Niliporudi nikakuta Winfrida ametuma mtu Katonga akang'oa mkono wa usukani wa Tulia. Ameuficha. Bila mkono ule mashua haigeuki hata kwa kuiomba.

Jioni Hamdani kaja. Kwa mara ya kwanza nilikuwepo. Kasema kwa upole kwamba Melania asikanyage chombo kile. Kwangu mwenyewe! Kwenye kiti changu! Damu ikanipanda. Nikasema kwamba ahadi ni yangu, niliitoa Kidahwe, juu ya mikeka, yeye hakuwepo. Kasema kweli, hakuwepo, alikuwa bado amebaki Ujiji na mizigo ya watu wao. Nikasema basi kama anajua sana, kama injini yake ni nzuri sana, ampeleke yeye!

Winfrida akaacha kukunja nguo. Hamdani akaniomba nirudie. Mimi si mtu wa kumeza maneno yangu. Nikarudia, kwa sauti, na nukta mwisho: mpeleke wewe.

Akasimama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatoka bila kumaliza kahawa. Mtu wa ajabu. Nadhani nilimtisha.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimetembelewa na afisa wa usalama wa majini. Kijana mwenye heshima. “Shikamoo, mzee.” Marahaba. Sikuwekwa ndani, kama Castory alivyotangaza sokoni. Kinyume chake! Wale wa kituo cha uokoaji, walio mbali huko, wanataka kuzungumza nami binafsi. Watapiga Jumamosi. Nisiende popote, nikae na simu, nijibu maswali yao, vinginevyo kile cha njano kitafutwa kwenye orodha yao na hakitarudishwa. Kijana amekichukua kwa sasa.

Wameguswa na jaribio langu, ni dhahiri. Nimeanza kuandaa maelezo. Sehemu ya kwanza inahusu historia ya mawasiliano ziwani.

Nimemwona Hamdani pale Katonga anasugua boti yake ndani na nje. Amenunua mto mpya wa kukalia, mnene, wa maua. Mzee wa umri ule kujali makalio yake kiasi hicho! Na mashati mawili.

Dada ameosha nywele.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamekwenda Lubugwe.

Wote. Hamdani, dada Melania, na Winfrida, ambaye alisema mwanamke hawezi kwenda peke yake na mtu asiye wa nyumba yake, hata kama kaka yake ameruhusu. Nikasema ni lini niliruhusu. Wote watatu wakanitazama. Nikakumbuka.

Ningekwenda. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Lakini leo ndiyo siku ya simu, na huko mtandao wa simu haupo. Nikafikiri: nikiwa na kile cha njano ninaweza kumpeleka dada mara nyingi. Nisipokuwa nacho, hakuna atakayenipa mashua tena. Kwa hiyo nikabaki. Niliwasikia kwenye redio mpaka vilima vikawaficha. Neno la mwisho lilikuwa la dada: “Mdogo wangu, usisahau kula. Ova.”

Nyumba kimya. Nimekaa na simu mezani na maelezo yangu mbele.

Saa tano ikaita. Namba ndefu, ngeni, alama ya kujumlisha mbele. Mwanamke mwenye Kiswahili cha kitabuni akauliza kama mimi ni Eliakimu. Nikamwambia inategemea anayeuliza ni nani. Akataka nimtajie namba iliyoandikwa kwenye kifaa changu na mwaka wangu wa kuzaliwa.

Hapo nikamjua. Namba na mwaka wa kuzaliwa! Nikamwambia ajue kwamba amepiga kwa mwalimu, si kwa mtoto, na kwamba mke wangu ameshamweleza pa kutuma. Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Mara ya tatu nikazima kabisa kwa muda ili atukome, kisha nikawasha nisije nikaikosa simu yenyewe.

Haikuja. Nimekaa mpaka jioni. Watu wasiotimiza ahadi sijui wanawezaje kuokoa wengine.

Jua likiwa linaelekea Kongo nikasikia injini ya bajaji nje. Wamerudi, wamechomwa na jua, wananuka moshi na samaki. Nikawapangia maswali. Hivi ndivyo walivyojibu, kwa kusukumana.

Lubugwe ni msitu mpaka majini. Maji yamepanda yamemeza mchanga wote. Kijito kipo. Uwanja wa mpira ni miti minene kuliko Hamdani. Nyani walikuja kuwatazama kama wenye nyumba wanavyowatazama wageni. Hawakushuka, magoti ya dada yasingeweza. Walizima injini, wakaacha boti ielee, wakala migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo. Dada alilia kidogo, kisha akaomba chumvi.

Nikauliza lile lililo muhimu. Jiwe la Kobe. Kaskazini au kusini?

Hamdani, ambaye kwa miaka hamsini na mmoja hajawahi kukosa jibu la swali hilo, alimtazama dada. Dada kasema maji yamefunika, yeye hakuona kitu. Winfrida kaanza kuchunguza dari, akasema buibui wamezidi nyumba hii.

Basi nikamwuliza dada kama amefurahi kurudishwa kwao, ahadi ikiwa imetimia, ingawa kwa injini.

Kasema amefurahi kupaona. Kisha kasema jambo nisilolielewa. Kwamba jioni ile ya Kidahwe hakukataa kula kwa ajili ya Lubugwe. “Nilichokuwa nakililia mimi,” kasema, “kilikuja kesho yake kwenye lori la pili.” Na kwamba tangu siku hiyo amekuwa akila vizuri.

Nikajaribu kukumbuka lori la pili lilibeba nini. Nikamwuliza kama ni masufuria.

Winfrida alitoka nje ya chumba. Nilimsikia anacheka uani, au analia, kwa mbali havitofautiani.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya ushindi. Naandika kwa utulivu ili isisahaulike.

Baada ya misa Hamdani kaja na wazee wawili wa Kasingirima, kanzu nyeupe, kofia ya viua badala ya ile ya nanga. Wakakaa. Wakazunguka sana na hali ya hewa. Hatimaye mmoja wao akasema Hamdani anamwomba Melania.

Nikasema amwombe nini.

Wakafafanua.

Dada alikuwa mlangoni, khanga mpya. Yeye atabaki na rozari yake na Hamdani na msikiti wake, hilo wamekwisha kulipanga, pengine kwenye chaneli ya dharura. Wakati wetu baba asingekubali hata kusikiliza. Sasa baba hayupo, wa kuulizwa ni mimi.

Na hapo ndipo nilipouona mpango wote, tangu maharage! Anataka kuwa shemeji ili awe na haki kwenye Tulia. Nani asiyeona? Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Nikatulia. Nikasema nitakubali kwa sharti moja: akiri, hapa, mbele ya mashahidi, kwamba Jiwe la Kobe liko kaskazini ya kijito.

Wazee wakatazamana. Hamdani hakutazama popote ila mlangoni.

“Liko kaskazini,” kasema.

Papo hapo! Bila kumeza mate! Miaka hamsini na mmoja ya ubishi, imekwisha kwa pumzi moja. Nikamwita ndugu yangu. Tukakumbatiana, na alinibana sana kwa mtu aliyeshindwa. Winfrida akapiga vigelegele. Dada akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akaniita mjinga wake, kwa mapenzi, mbele ya wageni. Sikujali. Nimeliweka jiwe kwenye GPS, kaskazini, kwa herufi kubwa.

Chakula kilikuwa kizuri. Tulikuwa sebuleni sisi watatu wa Lubugwe, na Winfrida, na nilipoangalia meza nilijikuta sioni ninayemkosa.

Mipango inaendelea. Shemeji ana injini, mimi nina elimu. Nimemwambia tuvuke ziwa twende Kalemie, na kwamba kuna rada ndogo ya kufunga mlingotini nimeiona kwenye mtandao. Hakukataa, siku hizi hakatai kitu. Mkono wa usukani nimeuona: Winfrida anasongea ugali wa wageni. Kesho nakwenda kwa yule afisa kumweleza kwamba kituo cha uokoaji hakikupiga, kosa ni lao, anirudishie kile cha njano. Nitakijaribu tena kuhakikisha. Safari hii bipu fupi zaidi.

Dada ameniuliza kama Hamdani atakaporudi kule mwezi ujao nitakwenda naye, nikapaone na mimi. Nimefikiri mchana kutwa. Jiwe liko kaskazini, imekubaliwa na mashahidi wapo.

Lubugwe sitarudi.